Msusi Aliyewaimbia Mbu wa Chumba cha Kimya

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke aliyevaa koti jeupe amesimama kwenye sinki la kunawia mikono, mwisho wa korido, na anaimba. Haimbi kwa maneno. Midomo ameifumba, macho kayatuliza ukutani, na wimbo unatoka kooni na puani, chini kwa chini, ubeti baada ya ubeti. Bomba limeshafungwa na mikono imeshakauka. Mlinzi anapita na funguo zake, anampungia mkono, naye anapunga bila kukatisha.

"Namaliza nyimbo," anaeleza, kama mtu anayesema anavua viatu. "Mle ndani hupiti nazo. Lazima ziishe hapa nje. Kuna siku inatosha moja, na kuna siku naamka nazo saba, basi nasimama hapa mpaka miguu inaniuma."

Chumba anachotaka kuingia kina milango miwili, na kati ya mlango na mlango limetundikwa pazia la wavu. Kuta zimebandikwa sponji nene, ile ya magodoro. Ndani mna joto la kumtoa mtu jasho mgongoni. Vizimba sita vya wavu mweupe, kila kimoja ukubwa wa begi la safari, vimepangwa mezani, na ndani yake wamo mbu. Mbu dume watupu. Tangu watoke majini hawajawahi kusikia sauti ya mbu jike, na kazi ya mwanamke huyu ni kuhakikisha hawaisikii.

Hapa kazini, kuanzia mfagizi hadi mkuu wa maabara, wote humwita Msusi. Jina hilo hakupewa kwa utani. Kwa miaka ishirini na miwili alisuka nywele katika chumba kimoja cha kupanga kando ya barabara, chenye kioo kirefu, mabenchi mawili na feni inayolalamika.

"Nimesuka maharusi, nimesuka wafiwa, nimesuka mpaka mtoto wa siku arobaini, mama yake kang'ang'ania," anasema na kucheka. "Halafu yakaja mawigi. Mtu anavaa kichwa asubuhi, anakivua jioni. Sasa mimi nifanyeje na vidole vyangu?"

Wateja wake walikuwa watano kwa siku. Wakawa wawili kwa wiki. Mmoja wa hao wawili alikuwa binti mpole mwenye miwani, aliyependa nywele nyembamba sana, zile za kukaa kitini saa sita. Siku moja, katikati ya kichwa, binti akauliza: "Mama, unaweza kushika kitu kidogo kuliko unywele?"

"Nikamjibu, kwani kipo?" Msusi anakumbuka. "Akaniambia, ubongo wa mbu. Nikasema makubwa! Kumbe na mbu naye ana ubongo, na bado anakuja kuuawa kila siku?"

Binti huyo ndiye mtafiti. Anasoma ubongo wa mbu, wa jike na wa dume, na alikuwa amehangaika mwaka mzima kutafuta mikono. Wanafunzi aliowajaribu walikuwa na akili za kutosha ila hawakuwa na subira. Msusi alipewa wiki tatu za kujifunza. Aliharibu mbu mia moja na arobaini kabla ya kutoa ubongo wa kwanza mzima, na siku hiyo alipiga kigelegele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza nani kaolewa.

Ukimtazama akifanya kazi, unasahau kupumua. Anamnyonya dume mmoja kwa mrija, anamlaza kwenye sahani ya baridi mpaka azimie, anainamia hadubini. Mkono wa kushoto una kibanio kimoja, wa kulia kingine, na ncha zake hazionekani vizuri kwa macho matupu. Kichwa kinafunguka. Kinachotoka ni kitu cheupe, laini, kisichozidi chembe ya chumvi. Anakiogesha, anakitia kwenye kichupa, anaandika.

"Dume humjui kwa kumwangalia machoni," anafundisha. "Tazama vipapasio vyake hivi viwili. Dume ana nywele, timtim, hajachana tangu azaliwe. Jike vyake vyembamba, kama kanyoa. Mimi siku ya kwanza tu niliwatenganisha. Kwani nywele si kazi yangu?"

Nywele hizo za dume ndizo masikio yake. Dume hang'ati mtu, anaishi kwa maji matamu ya maua, na hapa hupewa pamba iliyoloweshwa maji ya sukari. Anayetung'ata ni jike, anayehitaji damu kwa ajili ya mayai yake. Kwa hiyo jike anatafuta pumzi na harufu ya mtu, na dume anatafuta mvumo wa mbawa za jike. Ndiyo maana mtafiti anataka kujua vichwani mwao mna tofauti gani.

Alipomwonyesha Msusi picha za bongo hizo, zenye rangi za kijani na zambarau, Msusi aliona nyumba.

"Nyumba mbili, fundi mmoja, ramani moja," anasema, na sauti yake inateremka kama ya mtu anayesimulia ndoto. "Ila kwa jike jiko ndilo kubwa, harufu zote zinaingilia huko. Kwa dume kubwa ni sebule, na redio iko wazi kutwa. Usiku ule niliota natembea humo ndani. Niko kwenye sebule ya dume, viti vimepangwa, hakuna mtu, kila kitu kinasubiri kusikia."

"Mfano huo ni wake, si wangu," mtafiti anasema akitabasamu, "lakini sijapata ulio bora zaidi. Watu hudhani bongo hizi zimeachana kama mbingu na ardhi. Kumbe zinafanana kuliko zinavyotofautiana. Wapo watafiti waliozima swichi moja ya urithi kwa dume, naye akaanza kufuata harufu ya mtu kama jike. Maana yake njia ilikuwemo kichwani mwake, imefungwa tu."

Msusi anasema maneno hayo alikwenda nayo mpaka nyumbani. "Kumbe unaweza kuishi mpaka ufe, na ndani yako kuna mlango hujawahi kuufungua," anasema. "Jamani!"

Swali la mtafiti ni dogo na limemla miaka mitatu: dume akimsikia jike kwa mara ya kwanza, ni nini kinachobadilika kichwani mwake? Kulijibu anahitaji bongo za madume waliokwisha kusikia, ambazo zipo, na bongo mia tatu za madume ambao hawajasikia. Ndipo kikajengwa chumba cha kimya. Mabuu yanatenganishwa yangali majini, madogo ndiyo madume, na tangu hapo hakuna jike anayekaribia. Madume wenyewe kwa wenyewe huvuma kwa sauti nyembamba zaidi, na mtafiti anasema hiyo haiwashtui.

Saa nne kamili asubuhi, jua la nje likiwa linachoma paa, ndani ya chumba cha kimya kunakuchwa. Taa zimetegwa hivyo. Zinafifia taratibu, nyeupe inakuwa manjano, manjano inakuwa kahawia. Madume waliokuwa wametulia ukutani wananyanyuka mmoja mmoja, wanajikusanya juu ya kitambaa cheusi kilichotandikwa chini ya kizimba, na wanaanza kucheza angani, juu na chini, juu na chini. Wanamngoja jike. Hakuna anayekuja. Baada ya nusu saa wanachoka, wanarudi kukaa.

Msusi husimama hapo kila siku na kuwatazama. Leo, jioni hiyo ya asubuhi ikiwa katikati, koo lake linacheza. Anaweka mrija chini. Anatoka kwa vidole vya miguu, mlango wa kwanza, pazia, mlango wa pili. Kule koridoni anasikika akiimba nusu ubeti kwa haraka kama mtu anayepiga chafya. Kisha anarudi, amejifuta midomo, anaendelea na kazi.

Ana sababu ya kuogopa hivyo. Miezi miwili na ushei iliyopita, Msusi aligundua kwamba ameiharibu kazi yote kwa koo lake mwenyewe.

Msusi wa nywele huimba. Saa sita mgongoni mwa mteja, hadithi zikiisha, kinachobaki ni nyimbo, na midomo imefumbwa kwa kuwa meno yameshika uzi. Alipokuja maabara uzi aliuacha, ila kuimba kulimfuata. Aliambiwa asizungumze kwenye chumba cha kimya, na hakuzungumza. Aliambiwa asiingie na simu, na hakuingia nayo. Hakuna aliyekumbuka kumkataza kuimba, kwani yeye mwenyewe hakujua kama anaimba.

"Siku hiyo nilikuwa nabadilisha pamba," anasimulia. "Nikaona madume wote wa kizimba cha tatu wamehama ukuta wa kule, wamekuja ukuta wa huku, wananielekea mimi. Nikashangaa. Nikanyamaza, wakatawanyika. Ndiyo nikajua kumbe nilikuwa naimba. Nikaimba tena, wakaja. Nikanyamaza, wakaondoka. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Tena nilifurahi, mwenzangu, nisikudanganye! Nikawaimbia wimbo mzima."

Kicheko kilikatika alipofika kwenye ubeti wa mwisho. Mvumo wake ulikuwa umelingana na mvumo wa mbawa za jike, au ulikaribia kiasi cha kuwatosha madume waliokuwa na kiu ya kusikia. Na alikuwa akifanya kazi kwenye chumba hicho kwa wiki kumi na moja. Kwenye friza kulikuwa na vichupa mia mbili na kumi na vinne, vyote kwa mwandiko wake, vyote vimeandikwa "hajasikia".

"Nilikwenda kufungua friza. Nikasema, wewe mwanamke, umeandika uongo mara mia mbili na kumi na nne."

Hakuna aliyemwona. Mkataba wake ulikuwa na miezi mitatu ya kwenda mbele, na mshahara wa hapa kwa mwezi unazidi mara mbili mwezi wake bora kabisa wa saluni. Angenyamaza kuanzia siku ile, na nani angejua? Alikaa na siri hiyo siku mbili.

Siku ya pili jioni alimwambia mumewe. Mumewe alikuwa mpasuaji wa mbao, miaka ishirini na saba mbele ya msumeno mkubwa wa kiwandani, na miaka tisa iliyopita masikio yake yaliaga moja baada ya jingine. Sasa hutazama midomo ya mkewe, na yeye mwenyewe huongea kwa sauti ya kuamsha mtaa, kwa hiyo majirani husikia nusu ya kila mazungumzo yao. Zamani, kijana wa mbao, alikuwa akisimama nje ya dirisha la saluni akijifanya anangoja mtu, kumbe anasikiliza mwanamke anayeimba bila maneno.

"Nilidhani atanigombeza," Msusi anasema. "Akanitazama, akauliza kwa sauti yake ile: 'Kwani wao walikusikia?' Nikamwambia ndiyo. Akauliza, 'Wakafanyaje?' Nikamwonyesha kwa mikono, hivi, walivyonyanyuka wakaja. Akasema nionyeshe tena. Nikamwonyesha tena. Macho yakamlenga machozi. Kisha akaniambia, 'Mama watoto, kesho asubuhi kamwambie yule binti. Usimwache ajenge juu ya mchanga.'"

Asubuhi alimkuta mtafiti akimenya yai la kuchemsha. "Mwanangu, nimekuharibia," alimwambia, na akamwambia yote kwa pumzi moja. Mtafiti hakuamini. Wakaingia wote wawili, Msusi akaambiwa aimbe, akaimba, na madume wa vizimba vyote sita wakaja.

"Nilikaa juu ya ndoo," mtafiti anakumbuka. "Nilitaka kulia na nilitaka aendelee. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikiniumiza namna ile."

Alijaribu kuokoa alichoweza. Alimuuliza: uliimba siku zipi? Wimbo upi? Kwa muda gani, karibu na kizimba kipi? Msusi alikodoa macho. Nani duniani anahesabu anavyoimba? Kuna siku aliimba kutwa, kuna siku hakuimba kabisa, na nyimbo hazikuwa na mpangilio. Sayansi inataka kipimo, na hapo hapakuwa na kipimo. Bongo zile hazikuwa za waliosikia wala za wasiosikia. Mtafiti alimpa ndoo, na Msusi akamwaga vichupa vyake kimoja kimoja, kwa mkono wake. Ilimchukua saa nzima.

Mkuu wa maabara, mtu wa maneno machache, alitaka Msusi aondoke siku hiyo hiyo. "Mdomo umeponza kichwa," alisema, na wengine walicheka. Mtafiti hakucheka. Alisimama mbele ya meza ya mkuu, yeye aliyepoteza zaidi ya wote, akasema: "Angenyamaza nisingejua mpaka naingia kaburini. Mtu anayeniambia kosa lake mwenyewe nitampata wapi tena? Namtaka huyu huyu."

Mkuu alikubali kwa sharti. Bongo mia tatu mpya, safi, kabla ya mwisho wa mwezi huu. Zisipotimia, chumba anapewa mtafiti mwingine, mkataba wa Msusi unakwisha, na miaka mitatu ya binti inabaki swali lisilo na jibu.

Ndiyo maana anaimba sinkini kila asubuhi mpaka nyimbo ziishe. Mwanzoni alijaribu kutafuna kijiti, akaimba na kijiti. Akajaribu kuhesabu kichwani, namba zikajigeuza wimbo. "Kunyamaza ni kazi kuliko kusuka," anasema. "Mwezi wa kwanza nilirudi nyumbani koo linauma, kana kwamba nimepiga kelele kutwa. Mzee akawa ananiuliza, una nini? Nikamwambia, nimechoka kwa kutosema."

Mambo hayaendi haraka. Kila dume lazima awe na umri wa siku tano kamili, si nne, si sita, na kila ubongo humla karibu saa nzima, kwa hiyo kwa siku hafungui zaidi ya madume sita. Leo asubuhi daftari lilisoma mia mbili hamsini na sita. Wa kwanza kutoka, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu kibanio kinateleza na ubongo unachanika. Msusi anafumba macho, anahesabu pumzi tatu, anautupa. Hauandiki kama mzima, ingawa kwa macho ya mgeni unaonekana mzima kabisa.

"Ungeuandika, nani angeona?" mwandishi wa makala haya anamuuliza kwa niaba ya wasomaji wenye tamaa.

"Mimi," anajibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye hadubini.

Hadi saa tisa alasiri daftari linasoma mia mbili sitini na moja. Bado thelathini na tisa, na siku za kazi zilizobaki ni nane. Zinatosha, akiharibu wachache na asiimbe hata mara moja. Mtafiti anapita, anatazama namba, anamwekea mkono begani. "Mama, kunywa chai," anasema. Wote wawili wanajua hesabu.

Wanaposhuka ngazi, Msusi anaulizwa atafanya nini siku ya ubongo wa mia tatu. Anasimama. Inaonekana alikuwa akisubiri kuulizwa.

Siku hiyo, anasema, vizimbani watakuwa wamebaki madume mia mbili, pengine zaidi. Mtafiti hatawahitaji tena. Mbu wa maabara hawaachiwi nje, na dume haishi sana, wiki chache tu na amekwisha. Watakuwa wamecheza kila jioni ya bandia bila mtu kuwajia. Ameomba aruhusiwe kuingia mara moja, taa zikianza kufifia, awaimbie. Mtafiti amekubali. Hata mkuu amekubali, ingawa alisema hakusikia ombi vizuri na asirudiwe.

"Na nimeomba koti jeupe la ziada," anaongeza. "La mzee."

Kwa nini mzee, ambaye hatasikia lolote?

Msusi anatazama vidole vyake, ambavyo vimetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nitamsimamisha mbele ya kizimba, kule mbali na mimi, anipe mgongo," anasema. "Sitamwambia naanza lini wala nanyamaza lini. Atajua mwenyewe. Wakikimbilia ukuta wa huku kwangu, naimba. Wakitawanyika, nimenyamaza. Miaka tisa nimeimba ndani ya nyumba ile hajasikia. Siku hiyo ataniona sauti."